Balozi Kapanda Bajaji

Mimi na bendera za balozi tuna kesi ya muda mrefu. Ilianza na dada mmoja aliyesimamisha bajaji yangu Kariakoo, jasho linamtoka, mkononi ana bahasha. Katumwa na bosi wake ubalozini. Ubalozi upi? Kasahau. Simu ya bosi haipokelewi. Anachokumbuka ni bendera: nyekundu na nyeupe.

Mtoto wa mjini nikacheka. Hiyo si Indonesia? Nikapasua foleni mpaka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nikaegesha kwa madaha. Dakika mbili dada karudi kanuna. Jina lililoandikwa kwenye bahasha halijulikani pale. Ndipo bosi akapokea simu: ni Poland!

Sasa nielewesheni. Indonesia nyekundu juu, nyeupe chini. Poland nyeupe juu, nyekundu chini. Huu si uchokozi? Dada akagoma kulipa nauli ya pili, eti aliyepotea ni mimi. Buku tano imekwenda na maji.

Jioni nikamsimulia shemeji yangu, anaendesha gari la ubalozi mmoja hapa mjini. Alicheka mpaka supu ikampalia. "Shemeji, ungetafuta tai!" Kumbe Wapolandi wana bendera maalumu ya kupeperusha kwenye balozi zao na meli zao, tangu 1919. Ile sehemu nyeupe ina ngao nyekundu, ndani yake tai mweupe. Sawa, tai. Lakini saa saba mchana Dar, upepo umelala, bendera imejikunja mlingotini kama kanga iliyosahaulika kambani. Huyo tai nimwone na nini, na eksirei?

Mwingereza ndiye kanimaliza. Balozi wake wa Addis Ababa bendera yake ina nembo ya ufalme katikati, imezungushiwa shada la majani. Konseli wake, yule ofisa wa kuhudumia raia wao ugenini, anapewa taji tu, majani hana. Yaani hata majani yana cheo! Ukija kwetu Dar, kwa vile sote tumo Jumuiya ya Madola, anapeperusha ile ya kawaida tu, haina nembo wala jani. Jamaa zetu hao, lakini pambo wamepewa wengine.

Shemeji supu ikamkolea, akaingia kwenye sheria. Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 20: balozi ana haki ya kuweka bendera ya nchi yake ofisini, nyumbani kwake na kwenye chombo chake cha usafiri. Konseli wakamtengenezea mkataba wake 1963, naye chombo chake kinabeba bendera akiwa kwenye kazi rasmi. Akifuata pweza wake Feri, aivue. Na balozi mwenyewe akishuka, shemeji anaivalisha bendera kava kama soksi, anabaki kwenye foleni anapigiwa honi kama sisi.

Mimi nilishaganda pale kwenye "chombo cha usafiri". Hawakusema shangingi. Bajaji si chombo?

Mtaani kwetu tunaye balozi wa nyumba kumi. Cheo hicho kipo tangu enzi za TANU, na bendera ya chama iko juu ya bati lake, jua limeila mpaka rangi imebaki ya kukisia. Jumapili akaniita, "Mwanangu, niwahishe kikaoni. Nauli tutaongea." Hiyo "tutaongea" naijua, tumeiongea tangu mwaka juzi. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, leo twende kisheria." Nikapanda ngazi, nikaishusha bendera, nikaifunga kwa waya kwenye kioo cha pembeni.

Jamani, raha! Bodaboda mmoja alinipisha. Bodaboda! Mzee nyuma kakaa wima, anapungia watu wauza mihogo. Nilianza hata kupiga honi kwa adabu.

Kwenye mataa trafiki akanyoosha mkono. Nikatoa kichwa nje nikamwambia taratibu, "Afande, nimembeba balozi."

Akakaza mgongo. "Wa wapi?"

Kabla sijatunga jibu mzee akadakia, kwa fahari zote, "Wa nyumba kumi!"

Afande akaitazama bendera. Akazitazama kandambili za mheshimiwa, moja ya bluu, moja ya kijani. Kisha akanigeukia mimi.

"Leseni."