Shambulio la fursa lisiwe haki ya kila mtu

Ukitaka kujua kama kanuni za vita za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika zimekaa sawa, tazama miguu ya wahusika. Kuanzia raundi ya pili, kuna anayesogea? Kwenye meza nyingi nilizokaa, hakuna. Watu wanavamiana raundi ya kwanza, wanagandana, kisha kila mmoja anarusha dadu akiwa palepale hadi mmoja wao aanguke. Kwangu mimi mkosaji mkuu ni shambulio la fursa, lile pigo la bure analopata adui pale unapojaribu kuondoka karibu naye.

Pigo lenyewe sina tatizo nalo. Tatizo ni kwamba limegawiwa kila kiumbe, kuanzia shujaa aliyekulia vitani hadi mwanakijiji aliyeokota jembe.

Chukua mchezo wa aina hiyo uitwao Dungeons & Dragons, toleo la 5 la mwaka 2014. Kila kiumbe ana mwitikio mmoja, yaani nafasi ya kujibu nje ya zamu yake, unaomrudia zamu yake inapoanza, na anaweza kuutumia kumpiga adui anayetoka nje ya umbali anaoufikia. Sasa mweke mpiganaji aliyebakiwa na pointi 6 za uhai mbele ya jambazi mwenye shoka. Anataka kurudi nyuma. Akiondoka tu, anapigwa. Akitumia kitendo chake kimoja cha zamu kujitoa kwa usalama, hapigwi, anasogea futi 30, na zamu imekwisha bila yeye kushambulia. Inafika zamu ya jambazi. Naye ana mwendo wa futi 30. Anamfuata, anamfikia, na kitendo chake bado anacho. Shoka linashuka. Mpiganaji ametoa zamu nzima na hakupata chochote. Mchezaji anayejua hesabu hii hatarudi nyuma tena. Atabaki na kupiga, kwa sababu njia zote mbili za kuondoka ni hasara.

Watetezi wa kanuni hii huuliza: bila shambulio la fursa, mchawi aliyesimama nyuma atalindwa na nini? Ni swali la haki, na ndiyo maana nataka tuone kanuni inavyofanya kazi. Goblini sita, vile vijizimwi vidogo, wanampita mpiganaji wakimkimbilia mchawi. Wa kwanza anapigwa. Mwitikio umetumika, watano waliobaki wanapita bila kuguswa. Na yule wa kwanza, kama hakufa, anaendelea na safari yake vilevile, maana pigo la kawaida halimzuii mtu. Toleo la 4 la mchezo huohuo, la mwaka 2008, lililiona jambo hili vizuri zaidi: shambulio la fursa lilipatikana mara moja katika zamu ya kila adui, na mpiganaji akimpata mtu aliyekuwa anasogea, mtu huyo alisimama hapo hapo. Huo ulikuwa ulinzi. Toleo la 5 limebakiza adhabu na kuondoa ukuta.

(Toleo la 3, la mwaka 2000, silitamani kabisa. Kuroga, kupiga mshale, kunywa dawa, vyote vilimfungulia adui pigo, na jedwali la vitendo lilikuwa na safu nzima ya kukuambia kipi kinakuponza na kipi hakikuponzi. Nusu ya vita ilikuwa kusoma jedwali.)

Toleo la 2 la Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, la mwaka 2019, ndilo lililonishawishi. Pale mpiganaji anakuwa na shambulio hili tangu ngazi ya 1. Mbabe wa hasira anaweza kulichukua kuanzia ngazi ya 6. Mchawi hana, na mazimwi wengi hawana. Matokeo yake uwanja unafunguka: watu wanazunguka, wanavutana kuelekea milangoni, wanakimbilia majeruhi. Halafu anatokea adui mmoja aliye nalo, anampiga mtu anayepita, na meza nzima inabadilisha mwenendo papo hapo. Kila mmoja sasa anahesabu miraba ya ramani kabla ya kusogea. Pigo limekuwa tukio.

Tena kurudi nyuma kuna faida. Kila mtu ana vitendo 3 kwa zamu. Nikitumia kimoja kuondoka, adui lazima atumie kimoja kunifuata. Ni kweli kwamba pigo la tatu katika zamu moja hupunguziwa 10 kwenye matokeo ya dadu, kwa hiyo mara nyingi nimemnyang'anya pigo lake dhaifu tu. Lakini adui ambaye silaha yake kubwa inahitaji vitendo vyote 3 na lazima anikaribie kwanza, hawezi kuitumia zamu hiyo. Hatua moja ya nyuma imezuia balaa.

Kwa hiyo ninapoongoza mchezo wa toleo la 5, shambulio la fursa ninawapa wapiganaji, wababe wa hasira na mapaladini (mashujaa wa kiapo) peke yao. Kwa upande wa maadui nachagua kwa tabia: mlinzi mwenye mkuki aliyefunzwa kuziba njia analo, goblini hana. Wachezaji nawaambia mapema, wahusika wao wanapomwona adui anavyosimama, kwa sababu uamuzi mzuri unahitaji habari. Na pigo likimpata mtu, mwendo uliombakia unapungua nusu, ili mwenye kulinda alinde kweli.

Anayeumia na mpangilio huu ni mjanja, yule mwizi wa kikosi. Tangu ngazi ya 2 anaweza kujitoa kwa kitendo cha ziada, na uwezo huo unapungua thamani wenye kupiga wakiwa wachache. Nimemfidia hivi: akijitoa, hata mwenye kipaji cha Sentinel, ambacho kwa kawaida humpata hata aliyejitoa, hawezi kumgusa.