Kura ya bodi mbele ya wanachama

Makala moja niliyoisoma inadai kuwa mikutano mikuu ya wanachama inaikwamisha bodi ya duka la ushirika la Park Slope, Brooklyn, jijini New York. Sikubaliani. Katika duka hilo lililoanzishwa mwaka 1973, wanachama hufanya zamu wenyewe, wakipanga mboga kwenye rafu na kufungasha jibini na matunda makavu. Kisheria bodi ndiyo yenye kauli ya mwisho, lakini kwa desturi wajumbe wake hupiga kura baada ya kusikia ushauri wa waliohudhuria mkutano. Kinachonisumbua, nacho mwandishi amekigusa juu juu tu, ni kwamba wachache wanaohudhuria huamua kwa niaba ya maelfu ya wanachama. Bodi ingeanza kwa kutuma ajenda mapema, pamoja na hesabu zinazosomeka, kabla ya kufikiria kupunguza mikutano.