Kim Yeon-koung: Je, Aliiacha Korea Mapema?

Kim Yeon-koung aliiaga timu ya taifa ya voliboli ya Korea Kusini mwaka 2021, baada ya Olimpiki ya Tokyo, akiwa na miaka 33. Klabuni aliendelea hadi Aprili 2025, akastaafu akiwa bingwa wa ligi na Heungkuk Life, klabu ya Korea Kusini. Ndiyo maana wapo wanaomuuliza: kama nguvu zilikuwepo kwa miaka mingine minne, mbona jezi ya taifa aliivua?

Lawama hiyo si ya kupuuzwa. Tokyo, Korea iliichapa Kenya 3-0, ikaitoa Uturuki robo fainali, ikamaliza ya nne. Mwaka uliofuata ilicheza mechi 12 za Ligi ya Mataifa, mashindano ya kila mwaka ya timu za taifa, ikapoteza zote. Mwaka 2023, zote 12 tena. Ubaya zaidi, Kim hakuondoka peke yake: Yang Hyo-jin na Kim Su-ji nao waliaga wakati uleule. Wakongwe watatu kwa mpigo! Hapo nakubali, angalau mmoja angebaki kuwalea chipukizi.

Lakini turudi Olimpiki ya London 2012. Kim alifunga pointi 207, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano ilhali timu yake haikupata hata shaba. Wengi huitaja takwimu hiyo kwa fahari, mimi huniuma. Sevu kali (mpira wa kuanzisha) ikija, anaipokea yeye, kisha yeye huyo huyo anaruka kupiga. Seta, yaani mpangaji wa mipira, akibanwa, mpira kwa Kim. Wapinzani walilijua hilo vizuri, na mechi zote mbili za kuwania shaba, dhidi ya Japani 2012 na Serbia 2021, Korea ilifungwa seti tatu kavu. Kati ya mechi hizo kuna miaka tisa, muda wa kutosha kabisa kuandaa mshambuliaji wa pili wa kiwango chake.

Isitoshe, ligi ya nyumbani si sawa na timu ya taifa. Kwa miaka mingi Kim alimaliza msimu Uturuki au China, kisha badala ya kupumzika akaingia kambini, na magoti yake yalikwishapitia upasuaji tangu ujana.

Mwaka 2025 Korea ilishuka daraja kutoka Ligi ya Mataifa. Hata kama Kim angekuwa bado uwanjani, angekuwa na miaka 37, na mpira bado ungepelekwa kwake.