Ukienda Krete, nenda Aprili

Kila mwaka ifikapo Juni, jamaa zangu wanaoishi Ulaya huanza kutumiana picha za visiwa vya Ugiriki: bahari ya samawati, kuta nyeupe, miavuli iliyopangwa ufukweni kama askari wa gwaride. Sina ugomvi na bahari, ingawa kwa mtu aliyezaliwa Tanga kulipa nauli ya ndege ili akalale juu ya mchanga ni jambo linalohitaji maelezo. Kinachonisikitisha ni kwamba wengi wao hufika Krete, kimojawapo cha visiwa hivyo, mwezi wa Agosti, wakarudi na habari kwamba ni nchi ya mawe na miiba.

Habari hiyo ni ya kweli kwa mwezi huo. Kandokando ya Mediterania mvua hunyesha wakati wa baridi, na joto likishaingia inaweza kupita miezi mitatu au minne bila tone kuanguka. Mimea imeishi na kalenda hiyo tangu kale: huchipua kwa mvua za kwanza za mwisho wa mwaka, huchanua kwa wingi kati ya Februari na Mei, kisha hukauka na kuacha mbegu, au hurudi chini ya udongo na kungoja ndani ya vitunguu vyake. Krete ina zaidi ya aina 1,700 za mimea ya mwitu, na takriban moja katika kila kumi haioti kwingineko duniani. Anayefika Agosti amekuta karamu imekwisha na vyombo vimeoshwa.

Mimi hupenda uwanda wa juu ulio karibu na kijiji cha Spili, unaoitwa Gious Kambos. Katikati ya Aprili, mashamba ya nafaka ya huko hujaa tulipu nyekundu fupi ambazo asili yake ni kisiwa hicho hicho, na miteremko inayoyazunguka hutoa okidi. Neno okidi lisikudanganye ukatafuta maua makubwa ya dukani. Mara ya kwanza nilitembea karibu saa nzima nikitazama mbele, kama mtu anayetafuta tembo, na nikapita juu ya maua mengi bila kuyaona. Tuliokulia katika nchi za mbuga tumezoea kupima pori kwa ukubwa wa mnyama, na tabia hiyo hukaa miguuni. Ilinibidi nipige magoti.

Okidi niliyoikuta ilikuwa ya jamii ya Ophrys, na ua lake lilitoshana na ukucha wa kidole gumba. Petali ya chini ilikuwa imevimba, ya kahawia, yenye manyoya pembeni, na katikati kuna doa linalong'aa kama bawa lililokunjwa. Nyuki dume huliona akadhani ni jike, kwa kuwa ua hutoa hata harufu inayofanana na ya jike; hulirukia, huhangaika juu yake, na anapokata tamaa huondoka akiwa amegandwa na vifurushi vya chavua, avipeleke kwenye ua jingine ambako atadanganywa upya. Kwa kazi yote hiyo halimpi hata tone la mbochi. Nililitazama kwa kioo cha kukuza mpaka magoti yakaingia baridi, na sioni haya kusema kwamba sijawahi kumtazama simba kwa muda mrefu namna hiyo.

Maua haya hayahitaji uzio wa hifadhi. Mengi huota chini ya mizeituni, kando ya barabara, kwenye kuta za mawe, mradi tu mwenye shamba asimwage dawa ya magugu. Nimepita mashamba mawili yanayopakana, moja likiwa na zulia la rangi nne au tano, la pili likiwa udongo mtupu wa rangi ya kutu, na mizeituni yenyewe haikuonyesha tofauti yoyote ambayo jicho langu lingeitambua. Katika lile la kwanza palikuwa na mama mzee aliyeinama na kisu kidogo, akichuma mboga za mwitu ambazo Wagiriki huziita horta. Alinipa jani moja nionje. Lilikuwa chungu, uchungu ule ule wa mchunga wa kwetu, na nilipokunja uso alicheka. Huchemshwa, zikatiwa mafuta ya zeituni na ndimu. Ningeongeza nazi, lakini sikumwambia.

Kwa wanyama, kisiwa si kikarimu vile. Kri-kri, mbuzi mwitu mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia, ndiye aliyesababisha korongo la Samaria kufanywa hifadhi mwaka 1962, lakini kwa kawaida korongo hilo hufunguliwa Mei, maji ya mlimani yakishapungua. Aliyekuja Aprili atembee korongo la Imbros, lenye urefu wa kilometa 8, na macho yake yawe juu, kwani tumbusi huzunguka kwenye hewa ya joto inayopanda kando ya majabali.

Ndege ninayemngojea zaidi ni kozi wa Eleonora, aliyepewa jina la mtawala wa kike wa Sardinia ambaye sheria zake za mwaka 1392 zililinda viota vya kozi. Hufika majira haya akitoka Madagaska, lakini hana haraka ya kutaga. Hungoja mpaka mwisho wa Julai na Agosti, ili makinda yake yatakapoanguliwa, ndege wadogo wanaohama kutoka Ulaya wawe wanapita baharini mbele ya mlango wake. Hilo ndilo jambo moja ninalowaachia jamaa zangu wa Agosti, wakipenda kuinua macho kutoka kwenye miavuli.

Kufikia Novemba kozi hao huwa wamekwisha kurudi kusini. Mwezi huo huo ndipo mimi hukata tiketi ya Aprili, bei ikiwa bado ya kibinadamu.