Mama Anapomwita Bintiye "Mama"

Shangazi yangu wa Tanga hajawahi kumchapa kitinda mimba wake. Mtoto kapewa jina la babu, kwa hiyo shangazi humwita "Baba", na nani atainua mkono ampige babake? Nilidhani hayo ni yetu sisi watu wa pwani, hadi nilipoanza kusoma habari za Wainuiti, wenyeji wa nchi za barafu kaskazini mwa Kanada na Greenland. Wenzetu wametupita mbali.

Kule Nunavut na Nunavik, maeneo ya Wainuiti kaskazini mwa Kanada, mtoto akipewa jina la marehemu, hurithi na undugu wake wote. Binti mwenye jina la bibi mzaa mama huitwa "mama" na mamake mwenyewe, na mjomba naye humwita hivyo hivyo. Jina halina jinsia: mvulana aweza kubeba la mwanamke, akaamkiwa "shangazi" na mzee mwenye mvi. Somo huitwa sauniq, neno lenye maana ya mfupa. Yaani mtoto wa miaka mitatu tayari ana watoto na wajukuu, na wote wana haja naye.

Kisha kuna sanaji, mama aliyekata kitovu. Kazi yake haiishi siku ya uzazi. Ni mlezi wa tabia ya yule mtoto, na kijana akiua sili wake wa kwanza, mnyama huyo hupelekwa kwa sanaji. Naupenda sana mpango huu, kwa kuwa unamfanya mtoto awajibike kwa mtu asiye mzazi wake, na mtu huyo naye amtazamie miaka yote.

Sasa tazama serikali ya Kanada ilivyofanya. Majina yasiyo na ubini yaliwachanganya makarani, basi kuanzia 1941 kila Mwinuiti akapewa kidude cha duara chenye namba, cha kuvaa shingoni au mkononi. Kati ya 1968 na 1971 Abe Okpik, Mwinuiti mwenyewe, akazunguka vijijini kuwaandikisha watu ubini, nao wengi waliupokea kwa furaha kuliko namba. Lakini ubini unafuata nyumba ya baba mmoja. Daftari lilimwona baba, mama na watoto wao. Sanaji na somo hawakuwa na safu yao.

Kasoro hiyo ndiyo ninayoiona hata kwenye habari ya watoto wanaolelewa na bibi. Kwa Wainuiti, kumpa bibi au ndugu mtoto amlee ni jambo la kawaida, na mtoto hukua akimjua aliyemzaa. Quebec, jimbo la Kanada lenye Nunavik ndani yake, ilibadili sheria mwaka 2017 ili kuutambua ulezi wa namna hiyo, uliokuwapo kabla ya Quebec yenyewe! Sisemi kila bibi ni malaika, na nyumba za Nunavut zimejaa watu kupita kiasi, bibi mchovu akilala chumba kimoja na wajukuu. Hiyo ni hoja ya kumjengea nyumba. Kumwondoa mtoto na kumpeleka kusini kwa watu wasiojua lugha yake ni jambo jingine kabisa.

Denmark, ambayo Greenland ni sehemu ya ufalme wake, ndiyo iliyonikera zaidi. Kwa miaka mingi wazazi wenye asili ya Greenland walipimwa uwezo wa ulezi kwa mitihani ya kisaikolojia iliyotungwa kwa watu wa utamaduni mwingine. Novemba 2024 mama mmoja alinyang'anywa kichanga saa mbili tu baada ya kujifungua. Kelele zilipozidi, sheria ikaondoa mitihani hiyo kwao kuanzia Mei 2025. Mitihani ile ilimpima mzazi kana kwamba mtoto ni wake peke yake. Mimi ningekuwa mpimaji, kabla ya kufungua faili ningeuliza kwanza: huyu mtoto kapewa jina la nani?