Nimeachwa Gemas na Kikoi Kiunoni

Mjomba wangu alifanya kazi reli pale Tabora mpaka akastaafu, na mtu wa reli ukimpandisha ndege usitegemee shukrani. Alipokuja Malaysia kunitembelea, nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo huko Johor, malalamiko yake kuhusu safari nzima yalikuwa mawili: chakula kidogo, na hakuna mahali pa kushuka ukanyoosha miguu. Wiki hiyo hiyo rafiki yangu wa darasani alikuwa anamwoza dada yake Pasir Mas, jimbo la Kelantan, kaskazini kabisa, karibu na mpaka wa Thailand. Nikamwambia mjomba kuna basi zuri linakwenda huko.

"Reli haifiki?"

Inafika. Kuna treni ya usiku inayoondoka Johor Bahru na kwenda mpaka Tumpat, ikipita tumboni mwa nchi, kwenye misitu ya Pahang na milima ya Kelantan, usiku kucha na sehemu kubwa ya asubuhi yake. Nilijaribu kumweleza kwamba basi lingetuwahisha. Akanitazama kama nimemwambia imamu aiahirishe Ijumaa.

Stesheni ya Johor Bahru ni jengo kubwa la kisasa, lakini mjomba hakuona jengo. Alikwenda moja kwa moja ukingoni mwa jukwaa, akachutama, akafumba jicho moja, akazitazama reli kama fundi anayekagua mlango.

"Mita moja," akatangaza. "Mita moja kamili, kama ya kwetu."

Na ni kweli. Reli za Malaysia zina upana wa milimita 1,000, sawa na ile reli ya kati waliyoijenga Wajerumani, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Tangu dakika hiyo mjomba hakuwa mgeni tena nchini. Alisalimia wafanyakazi wote wa treni kama watu waliopishana zamu.

Behewa la kulala halina vyumba. Kuna njia katikati, na vitanda vya ghorofa pande zote mbili, cha chini kipana, cha juu chembamba, na mlango wako ni pazia. Ukishavuta pazia umeingia nyumbani. Nilimpa mjomba cha chini kwa heshima ya umri na magoti, mimi nikapanda juu. Tatizo la juu ni kiyoyozi. Sijui nani aliwadanganya watu wale kwamba abiria huharibika wasipohifadhiwa kwenye baridi, lakini lile behewa lingeweza kusafirisha samaki mpaka Tumpat wakafika wabichi. Nikavaa singlendi na kikoi, maana sikujua, nikajikunja kwenye shuka.

Huko chini mjomba alikuwa anatoa mafunzo ya usalama.

"Mjomba!" aliniita. Sisi tunaitana hivyo wote wawili. "Viatu usiache chini. Weka kichwani. Na dirisha lifungwe kila stesheni, kuna watu wana mkono mrefu."

"Mjomba, dirisha hili halifunguki."

"Ndivyo wanavyokwambia."

Kisha akaingia kwenye suala la Gemas. Gemas ni mji mdogo, lakini kwa mtu wa reli una hadhi, kwa sababu njia inagawanyika pale: moja inakwenda Kuala Lumpur, nyingine ndiyo hiyo yetu ya Tumpat. Mjomba, aliyetumia ujana wake pale inapoachana treni ya Kigoma na ya Mwanza, aliichukulia Gemas kama shemeji ambaye hajawahi kumwona. "Tabora yao," alisema. "Tukifika nashuka nikaione. Nitazame na kichwa cha treni. Labda tupate na kuku." Nikamwambia hapa si Saranda, treni haisubiri watu wale kuku. Akasema dereva mwenye utu husubiri. Mpaka nasinzia nilikuwa namsikia: Gemas, Gemas, Gemas.

Nikaamka kubanwa na haja. Nikashuka kwa ngazi, nikavaa kandambili, nikaenda chooni, na nikiwa huko nikasikia breki. Treni ikasimama. Nikarudi mbio, kwa sababu moyo ulishaniambia. Pazia la mjomba liko wazi. Kitanda kitupu. Viatu havipo. Nje, kwenye taa, kibao kimeandikwa GEMAS.

Sasa naomba msomaji ajiweke pale. Mzee wa miaka zaidi ya sitini, hajui Kimalei, usiku wa manane, ameshuka kutafuta kuku. Ungefanya nini? Nikaruka nje kama nilivyo.

Nikakimbia kuelekea mbele kwenye kichwa cha treni, hayupo. Nikageuka kuelekea nyuma, hayupo. Nikachungulia upande wa jengo, nikaita "Mjomba! Mjomba!" mpaka bwana mmoja mwenye sare akanionyesha choo. Nikasikia honi. Nilipogeuka milango imeshafungwa, na mabehewa yananipita taratibu, kwa adabu, moja baada ya jingine, na kwenye dirisha moja mtoto mdogo akanipungia mkono.

Kimya kikaingia. Simu yangu ilikuwa kitandani inachaji. Pochi, kitandani. Tiketi, ndani ya simu. Niliyokuwa nayo duniani ni singlendi, kikoi chekundu cha mistari, na kandambili. Na mjomba, kwa hesabu zangu, alikuwa sehemu fulani ya mji wa Gemas, akiulizia kuku kwa Kiswahili.

Yule bwana wa stesheni alinisaidia kutafuta. Tukazunguka jengo lote na tochi. Hakuna mjomba. Akaniambia treni nyingine ya Tumpat ni kesho usiku, wakati kama huu, akanivutia kiti. Nikamshukuru, nikatoka kwenda mjini kuendelea kutafuta.

Kilichonisumbua zaidi njiani ni mavazi. Nilijiona nusu uchi. Nikaufuata mwanga wa mgahawa mmoja wa mamak, wale Waislamu wenye asili ya Kitamil ambao migahawa yao hailali, nikaingia nimejishika kiuno kwa mikono miwili, tayari kuchekwa. Hakuna aliyeinua kichwa. Wazee wawili meza ya kona wamevaa saruni zao. Mwenye duka mwenyewe kavaa saruni. Kwa mavazi, mimi ndiye nilikuwa mkazi halali wa Gemas kuliko yule kijana wa jinzi aliyekuwa anatazama mpira.

Nikaeleza mkasa kwa Kimalei changu cha chuoni, ambacho kinafaa kwa maabara lakini hakikutengenezwa kwa dharura za wajomba. Wakaletewa habari mpaka wa jikoni. Nikamiminiwa teh tarik, chai ile ya maziwa inayorushwa kutoka kikombe hadi kikombe mpaka itoe povu, na mjadala ukafunguliwa. Mmoja akauliza: una hakika alishuka? Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba viatu havikuwepo. Wote wakakubaliana kwamba hilo ni jambo zito.

Wakati huo pikapu ikasimama nje. Kabla mwenyewe hajashuka, harufu yake iliingia, ikavuta kiti, ikakaa. Doriani. Waunguja watanielewa bila maelezo. Wengine fikirieni fenesi lililokasirika, lenye miiba, na harufu inayogawa familia. Pikapu ilikuwa imezipakia Segamat na inazipeleka soko la Temerloh, mji ulio jirani kabisa na stesheni ya Mentakab, ambako treni yangu ilikuwa bado haijafika. Wazee wakaamua kwa niaba yangu: mimi niikimbize treni nichukue simu na pesa, wao watamsaka mjomba na kumtunza mpaka nipige. Mzee wa pikapu akakubali papo hapo. Ila mbele alikuwa na mkewe na mjukuu aliyelala.

"Nyuma," akasema.

Nyuma ndiko zilikokuwa doriani.

Akanipa gunia moja la kukalia. Gunia ni kitu kizuri, lakini mwiba wa doriani haujawahi kusimamishwa na gunia, sembuse na kikoi. Ile barabara ya kupitia Bahau na Triang ni nzuri kwa anayekaa kwenye kiti. Kwangu mimi kila kona ilikuwa na ujumbe wake, na kila tuta lilinipa anwani mpya. Nikijaribu kuchutama, upepo unanivua kikoi. Nikijaribu kusimama, mzee anagonga kioo kunionya. Pande zote mbili michikichi, si kama ile ya Kigoma inayoota itakavyo, bali imepangwa mistari kama wanafunzi, maili kwa maili, na mimi napita katikati yake nimeshika kikoi kwa mkono mmoja na doriani kwa mwingine, nikimlaani mjomba kwa majina ya mababu zetu wa pamoja.

Kilichoniokoa ni reli yenyewe. Njia ile ni moja, treni ina vituo vya kusimama na haina haraka na mtu. Tulipofika Mentakab bado hata mwanga wake hauonekani. Mzee akakataa shukrani, akanikabidhi doriani moja ya zawadi, nikairudisha kwa heshima zote, akaondoka. Baadaye treni ikaingia nayo ikipumua, nikapanda.

Mkaguzi wa tiketi alinipokea mlangoni. Hakuuliza tiketi. Alivuta pumzi.

"Durian?"

Doriani hairuhusiwi ndani ya treni. Kuna hata picha yake iliyokatwa mstari mwekundu. Nikainua mikono kuonyesha sina kitu. Akatazama nyuma yangu, akatazama nje, akanitazama tena. Nikageuka nikamwonyesha kikoi kwa upande wa nyuma, kilivyotobolewa. Akafikiri kidogo. Akasema nimwonyeshe kitanda changu.

Tukaenda, mimi mbele, harufu katikati, yeye nyuma. Mapazia yakaanza kucheza. Mtu akakohoa. Kitanda cha chini bado kitupu, na nikahisi uchungu kukiona. Nikapanda ngazi nichukue simu, nikavuta pazia langu.

Mjomba yumo.

Kalala chali, kajifunika shuka langu na lake, viatu vyake viko chini ya mto kama alivyohubiri, simu yangu kailalia. Alipanda pale nilipokwenda chooni, kwa sababu, kama alivyonieleza baadaye kwa utulivu, kitanda cha chini kilikuwa juu ya magurudumu na kilimgonga mbavu.

"Mjomba!"

Akafumbua macho bila miwani. Akanusa. "Mwizi!" akapiga kelele. "Funga dirisha!"

"Mjomba, ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Mpwa wako!"

"Mpwa wangu amelala chini."

Mkaguzi akamuuliza kwa Kiingereza kama ananifahamu. Mjomba, kwa Kiingereza cha reli, kilichonyooka na kisicho na huruma, akajibu kwamba hajawahi kumwona mtu huyu na kwamba ananuka. Kisha akachungulia kitanda cha chini kuhakikisha niko salama, akakikuta kitupu, akashtuka kikweli. "Yuko wapi mtoto wa dada yangu?" Akaanza kuteremka ngazi aende kunitafuta. Tulimshika watu watatu mpaka alipopata miwani.

Kwanza nikawapigia wale wazee wa Gemas, kupitia bwana wa stesheni, kwamba msako uishe. Nilisikia kicheko kikitoka kwenye simu kwa muda mrefu sana.

Nililala kifudifudi. Mapambazuko yalitukuta karibu na Gua Musang, ambako majabali ya chokaa yamesimama wima kutoka kwenye ukungu, na behewa zima lilikuwa limeamka mapema kuliko kawaida kwa sababu yangu. Kulikuwa na makundi mawili: waliojifunika pua, na waliokuwa wanauliza kwa upole kama imebaki. Bibi mmoja alipita mara kadhaa kwenye njia, akinusa, akabishana na mwanawe kama ni ya shambani au ya kupandikizwa.

Mjomba hakuwa na habari. Alishapata rafiki, mwalimu mstaafu wa Kuala Krai, wakawa wanaongea reli. Mwalimu akamweleza kwamba njia hii ilikamilika mwaka 1931, kwamba Wajapani waling'oa sehemu yake wakati wa vita wakazipeleka reli kujengea ile ya Thailand na Burma, na kwamba mafuriko ya mwisho wa mwaka 2014 yalisomba daraja la Kemubu, treni zikakatika. Mjomba akasikitikia daraja lile kuliko alivyonisikitikia mimi. Naye akamsimulia Gemas.

"Nimeiona usiku," alisema. "Jankisheni kubwa. Taa nyingi. Imekaa vizuri."

Nikamtazama. Hata hakupepesa.

Pasir Mas tulipokelewa na ndugu wote wa rafiki yangu. Nilioga, nikaoga tena, nikapewa shati. Kwenye harusi kulikuwa na wali ule wa bluu wa Kelantan, nasi kerabu, na samaki, na nyama iliyopikwa kwenye masufuria makubwa uani, na chini ya turubai viti vya plastiki vimepangwa safi. Mjomba akaketi katikati ya wazee akaanza upya: mita moja, Tabora, Gemas, taa nyingi. Mzee mmoja akauliza kama na mimi niliiona Gemas.

"Huyu?" mjomba akasema. "Huyu alilala usiku kucha."

Nilikuwa nyuma yake, wima, na sahani mkononi. Baba wa bibi harusi akaniletea kiti. Nikakataa kwa adabu. Akaleta kingine, chenye mto. Nikamwambia nimezoea kula nimesimama, na kabla hajashangaa mjomba akadakia, mdomo umejaa wali, kwamba ndiyo, kwetu Tabora vijana hawakai wazee wakila.

Wale wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakawatazama vijana wao waliokuwa wamekaa. Mmoja mmoja, vijana wale wakaanza kusimama.