Gurudumu la tatu

Goti langu la kushoto lilijiuzulu nikiwa kwenye taa nyekundu. Halikutoa notisi. Nilishusha mguu kama nilivyoushusha kwa miaka 22, soli ikagusa lami, goti likasema mimi basi, na pikipiki yenye kilo 200 na ushee ikaanza kulala taratibu kama mzee anayejinyoosha kitandani. Nami nikalala nayo. Taa ikawaka kijani. Mwendesha baiskeli mmoja akapita, akanipa pole, akaenda kuchekea mbele, lakini si mbele ya kutosha, maana nilimsikia.

Daktari aliangalia picha ya goti akazungumza mengi, na yote kwa kifupi ni kwamba mguu ule usibebeshwe tena uzito wa pikipiki. Mke wangu, aliyekuwa amekaa kando, alisikia kitu kingine: pikipiki iuzwe. Tukabishana tangu pale hadi nyumbani. Tulipofungua mlango tulikuwa tumekubaliana neno moja tu, kwamba itaongezwa gurudumu la tatu ili isimame yenyewe. Likabaki swali: hilo gurudumu likae wapi?

Kuna njia mbili. Unaweza kufunga saidikaa, kile kigari chenye kiti na gurudumu moja kinachoambatana na ubavu wa pikipiki. Au unaigeuza pikipiki yenyewe kuwa traiki: gurudumu la nyuma linatolewa pamoja na chuma kinacholishika, panawekwa ekseli yenye difu, ile gia inayogawa nguvu ya injini kushoto na kulia, na magurudumu mawili kama ya gari dogo. Saidikaa ukiichoka unaifungua, pikipiki yako inarudi ilivyokuwa. Traiki ni ndoa. Kurudi nyuma kunawezekana, ila kwa machozi na gharama.

Kwa wiki tatu nilikuwa mtaalamu wa sebuleni. Asubuhi nilikuwa upande wa saidikaa, kwa sababu ya zile BMW R75 za Vita Kuu ya Pili ambazo injini ilizungusha hata gurudumu la kigari, na zilikuwa na gia ya rivasi. Nilijiona na miwani ya vumbi na skafu shingoni. Jioni nilikuwa upande wa traiki, kwa sababu Harley-Davidson waliitengeneza Servi-Car, pikipiki yao ya magurudumu matatu, kuanzia 1932 hadi 1973, na kitu hakiwezi kutengenezwa miaka 41 kama ni kibaya. Mke wangu aliyasikiliza yote hayo akikunja nguo, kisha akauliza swali moja.

"Mimi nakaa wapi?"

Nikamwambia hilo ni suala la baadaye.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee mfupi mwenye grisi kwenye kucha, na alikuwa anafanya kazi zote mbili, za saidikaa na za traiki. Nilimkuta amepiga magoti kati ya mbao mbili ndefu zilizonyooka, moja imelazwa kwenye magurudumu ya pikipiki, nyingine kwenye gurudumu la kigari. Alikuwa anapima kwa futi nafasi iliyo kati yake, mbele, halafu nyuma, halafu tena mbele. Nikamuuliza kama hazitakiwi kuwa sambamba. Akasema zikiwa sambamba kabisa, pikipiki itavuta upande wa kigari safari nzima hadi mikono ife ganzi. Mbele panabanwa kidogo, yeye hapo alikuwa anatafuta milimita 20. Na pikipiki yenyewe inainamishwa kidogo sana kwenda upande usio na kigari. Kila alipopima alilegeza nati, akagonga chuma kwa kiganja mara moja, akapima upya. Niliiangalia kazi ile dakika 40 na sikuchoka.

"Umeendesha miaka mingapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"22," nikasema, kifua mbele.

"Aa. Basi itakusumbua."

Nilidhani ananitania.

Alikubali nijaribu moja ya kila aina kabla sijaamua. Tukaanza na saidikaa. Kigari kilikuwa kushoto, kama inavyokuwa kwenye nchi za kuendesha kushoto. Kabla sijawasha, fundi akaja na toroli lenye mfuko wa mchanga wa kilo 40, anataka kuupakia kwenye kiti cha abiria.

"Wa nini huo?"

"Kigari kitupu kinapenda kuruka."

Mzee, nikamwambia, mimi si mwanafunzi. Akaniangalia kwa muda, akauacha mfuko ndani ya toroli.

Nilipoachia klachi, mnyama yule akavuta kushoto, nusura aondoke na nguzo ya geti. Ni jambo la kawaida: injini inasukuma pikipiki, kigari hakina injini, kwa hiyo kinabaki nyuma kama mtoto anayevutwa mkono sokoni. Nikafunga breki, akavuta kulia, maana sasa pikipiki inasimama na kigari bado kinasafiri. Nikajiambia sawa, nimeelewa, kumbe rahisi. Nikaongeza mafuta.

Mbele kulikuwa na kona ya kushoto.

Hapa inabidi niwaeleze kitu ambacho kila mwendesha pikipiki anakifanya na wengi hawajawahi kukitamka. Ukiwa kwenye mwendo na unataka kwenda kushoto, unausukuma mpini wa kushoto mbele. Gurudumu linageuka kulia kidogo, pikipiki inalala kushoto, mnakata kona. Mwili unafanya bila kukuuliza. Lakini pikipiki yenye saidikaa hailali. Imefungwa pingu. Ukiusukuma mpini wa kushoto mbele, gurudumu linageuka kulia na mnakwenda kulia, kama gari lolote.

Nikaiona kona, mwili wangu wenye uzoefu wa miaka 22 ukasukuma mpini wa kushoto, nasi tukaanza kwenda kulia. Nikasukuma zaidi. Tukaenda kulia zaidi. Kwa akili ya ghafla nikauvuta ule mpini kwa nguvu zote, na kweli, tukageuka kushoto, tena vizuri mno, na pembeni ya jicho langu nikaona kigari kinapanda. Kilipanda bila papara. Gurudumu lake lilifika usawa wa goti langu, lile bovu, likawa linazunguka hewani mbele ya macho yangu, na nikaweza kusoma herufi zilizoandikwa kwenye tairi.

Nyuma nikasikia fundi anapiga kelele: "Kulia! Kulia!"

Kulia kulikuwa na ua wa miti ya miiba. Lakini alikuwa sahihi, kwa sababu kigari kikishapaa dawa yake ni kugeuza usukani upande wa pili kishuke. Nikageuza. Kikashuka kwa kishindo. Na sote watatu, mimi, pikipiki na kigari, tukaingia ndani ya ule ua wa miiba kwa magurudumu matatu chini, tukiwa imara kabisa. Injini ilizima yenyewe. Ndege mmoja akatoka akaenda zake.

Fundi alikuja taratibu, anasukuma toroli lake. Mfuko wa mchanga ulikuwa bado ndani.

Nikaamua palepale kwamba mimi ni mtu wa traiki.

Wiki iliyofuata nilipanda traiki na nikafurahi kwa takriban dakika kumi. Haivuti kushoto wala kulia, na kwenye kona haiinuki hovyo, ingawa na yenyewe haijui kulala, kwa hiyo mwili wako ndio unaorushwa nje na unajishikilia kama abiria wa daladala la mlango wazi. Mikono inafanya kazi. Kasoro niliyoigundua ni mashimo. Pikipiki inapita kwa mstari mmoja, unalikwepa shimo kushoto au kulia. Gari lina mistari miwili, shimo dogo unalipitisha katikati. Traiki ina mistari mitatu. Shimo utakalolikwepa kwa tairi la mbele litapokewa na la nyuma, na ukilipitisha katikati ya yale ya nyuma, la mbele ndilo linalotumbukia. Hata hivyo niliimba njia nzima.

Kisha nikafika kwenye taa nyekundu.

Traiki inasimama yenyewe; ndiyo sababu pekee ya kuwa nayo. Lakini mwili ukaona taa, mwili ukashusha mguu. Safari hii ulikuwa na busara, ukashusha wa kulia, ule mzima. Tatizo ni kwamba nyuma ya mguu wako kwenye traiki kuna kitu ambacho kwenye pikipiki hakipo: tairi pana, nalo lilikuwa bado linatembea. Likaja polepole, likapanda kisigino cha buti langu, na hapo ndipo breki zikashika.

Sikuumia sana. Tairi lilikuwa limekanyaga ukingo wa buti na kaukingo ka kisigino changu. Ila sikuweza kwenda popote. Nikienda mbele, linapanda mguu wote. Kurudi nyuma, traiki ile haikuwa na rivasi, na mguu wa kuisukumia nyuma ulikuwa mmoja tu, wa goti lililojiuzulu. Taa ikawaka kijani. Honi zikaanza. Nikawapungia mkono kama kiongozi kwenye gwaride, nikainama, nikafungua zipu ya buti, nikauchomoa mguu. Soksi ilikuwa na tundu na kidole gumba kilikuwa nje chote, kinashangaa. Nikaondoka. Buti likabaki barabarani, limesimama wima peke yake kwenye mstari wa kusubiria, hadi mtoto mmoja wa shule alipokuja nalo mbio, ananiita, "Mzee! Umesahau mguu!"

Kwa hiyo siku mke wangu alipokubali kuja kwa fundi kuona fedha zinakwenda wapi, nilikuwa na goti bovu kushoto na bandeji kulia. Yeye hajawahi kuendesha pikipiki, anaendesha gari tu. Akaizunguka saidikaa, iliyokuwa imeshatolewa miiba, akakibonyeza kiti cha kigari, akasema anataka kuijaribu.

"Shemeji, hujawahi kabisa kushika pikipiki?" fundi akauliza.

"Kabisa."

"Vizuri sana."

Akamfundisha klachi na gia ndani ya uwanja wake. Injini ilimzimikia mara mbili. Ya tatu ikaondoka, ikavuta kushoto, naye akairudisha kulia kidogo bila hata kufikiri, kwa sababu ndivyo mtu wa gari anavyofanya. Kwenye kona aligeuza usukani upande anaotaka kwenda. Nilimsubiri akosee. Alizunguka mara sita.

Fundi alikuwa ameshika toroli lake tayari, lakini alipoitazama bandeji yangu akaliacha.

"Wewe kilo ngapi?"

"84."

"Panda."

Tulinunua saidikaa. Mwenye leseni ya pikipiki hiyo sasa hivi ni wawili, ila mwenye ufunguo ni mmoja. Mimi huwaambia watu kwamba kwenye mashindano ya dunia ya saidikaa, yaliyoanza 1949, abiria ni mwanamichezo kamili. Ndiye anayejitupa huku na huku ili gurudumu lisiinuke, na bila yeye dereva hashindi chochote. Jana tukikaribia kona ya kushoto nikainuka kidogo, nikaegemea nje kitaalamu, kiwiko kikiwa juu ya lami.

"Baba watoto," akasema bila kugeuka, "kaa chini. Mchanga hauhangaiki hivyo."